Mshale wa Inchi Ngapi? Pima Kwanza Kabla Hujakata

Ikifika Agosti simu yangu haitulii. "Kaka nimepata upinde, sasa ninunue mishale ya inchi ngapi?" Kabla sijamjibu huyo wa pili ameshatuma, na wa tatu amepiga picha ya mishale aliyouziwa na jirani anataka nimwambie kama itamfaa. Msimu wa kulungu kwa upinde hapa Michigan unafunguliwa tarehe 1 Oktoba kwa hiyo kila mtu anakumbuka wakati mmoja, na maswali ni yale yale kutoka kwa Wakenya, Watanzania, na ndugu zetu wa Kongo hapa Grand Rapids ambao wengine wanaujua msitu kuliko mimi ila huu upinde wa makapi, wenye magurudumu ya kamba kwenye ncha zake, hawajawahi kuushika. Nimeona niandike mara moja, ukiniuliza tena nakutumia hii.

Niseme mapema, kwa picha siwezi kukusaidia. Inchi zako zinapatikana upinde ukiwa mkononi mwako, umevutwa mpaka mwisho, na mtu kando yako ameshika kalamu. Basi. Rafiki yako mkiwa kimo kimoja bado anaweza kuwa na mikono mirefu kuliko wewe, au upinde wake umefungwa tofauti.

Na jambo moja la sheria kabla hatujaenda mbali. Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977 na mpaka leo uko marufuku, hata wa kitoweo, kwa hiyo usibebe upinde kwenda nao nyumbani ukidhani utaenda porini na wajomba. Tanzania bila leseni na vibali ni kesi. Hapa Michigan kama umezaliwa kuanzia 1 Januari 1960 kwa kawaida utahitaji cheti cha usalama wa uwindaji ndio uuziwe leseni, na majimbo mengine yana masharti yao, soma ya jimbo lako. Michigan kuna hata sheria ya urefu wa mshale wa kulungu, usipungue inchi 14, lakini hiyo haikusaidii kitu maana mshale wa mtu mzima unakaribia mara mbili ya hapo. Inayokuhusu zaidi ni ya kigumba (ile ncha ya kuwindia), upana wake usiwe chini ya 7/8 ya inchi.

Uwe na nini mkononi

- Upinde wenyewe utakaowindia. Wa kuazima haufai kupimia.
- Mshale mmoja mrefu ambao haujakatwa, inchi 31 au 32, wenye ncha ya mazoezi. Duka lolote la pinde wanao wa kupimia.
- Futi ya kupimia yenye inchi, na kalamu ya wino mzito au kipande cha tepu.
- Mtu wa kukusaidia, mtu mzima, asiye na haraka.
- Shabaha ya kusimama mbele yako hatua chache.
- Rilisi yako, kile kifyatulio cha mkononi, kama unatumia. Kama unavuta kwa vidole, vaa glavu ya kuvutia.
- Koti lako la kuwindia. Ndiyo, koti. Nitaeleza.
- Kigumba kimoja cha aina utakayotumia msimu huu.

Maneno mawili matatu tuelewane. Noki ni ule mdomo wa plastiki nyuma ya mshale unaouma kamba. Uti ni mwili wa mshale bila ncha. Resti ni kile kidude kwenye upinde kinachobeba mshale. Kigumba ni ncha ya chuma yenye makali ya kuwindia, babu zetu Ukambani waliifua wenyewe, sisi tunanunua pakiti ya tatu kwa bei ya kuku wawili.

Hatua kwa hatua

1. Jua mvuto wako kwanza, yaani inchi unazovuta kamba mpaka mwisho. Simama ukutani, nyoosha mikono yote miwili kama mtu anayepimwa suti, usijivute, mwenzako apime kutoka ncha ya kidole cha kati mpaka ncha ya kile kingine. Gawa kwa 2.5. Ukipata inchi 70 mvuto wako unakaribia 28. Ukipata 72.5 ni 29. Hii ni ya kuanzia tu, kuna watu inakosea kwa nusu inchi au zaidi, ila inatosha kukuonyesha kwamba upinde wa 30 uliopewa na shemeji si wako.

2. Funga upinde kwenye mvuto huo. Upinde wa makapi una kituo chake, ukifika hapo hauvutiki tena, kwa hiyo ukifungwa vibaya vipimo vyote vinavyofuata ni takataka. Dalili za kufungwa mrefu mno: kamba inapita nyuma ya sikio, mkono wa mbele umejifunga kiwiko, unajipinda kwenda nyuma kama unayekwepa kofi. Ukifungwa mfupi umejikunja na kiwiko cha nyuma kinaning'inia mbele. Pinde nyingi za sasa zinarekebishwa kwa kuhamisha skrubu kwenye kamu (hayo magurudumu yake), nyingine lazima zipelekwe dukani zibanwe kwa mashine. Usifungue upinde wa makapi nyumbani bila mashine ya kuubana, ule utaachia na utakuumiza.

3. Vuta na mshale mrefu, mwenzako aweke alama. Hapa ndipo kazi ilipo, usiruke. Weka mshale mrefu kwenye kamba, elekea shabaha, vuta mpaka mwisho ukiwa umetulia kabisa, mkono umekaa kwenye taya pale unapokaa siku zote. Mwenzako anasimama KANDO, si mbele, hata nusu hatua, na anatia alama kwenye uti pale unapovuka ukingo wa mbele wa mpini wa upinde, upande unaotazama shabaha. Rudisha kamba taratibu. Rudia mara tatu. Alama zikitofautiana sana basi bado hujatulia, pumzika unywe chai urudi.

Alafu vaa koti la Novemba urudie tena. Watu wengi wanapima Agosti na fulana, ikifika baridi wamevaa matabaka manne, mkono unasimama kwingine na kamba inakwaruza mkono wa koti. Kwa upinde wa makapi tofauti si kubwa, kwa upinde wa kawaida usio na makapi nimeona mtu akipoteza inchi nzima.

ONYO la hatua hii: usivute upinde bila mshale ukaachia kamba, kamba ikirudi tupu inaweza kuvunja mikono ya upinde na kukurushia vipande usoni. Na usivute ukiwa umeelekeza mshale juu angani, rilisi ikifyatuka mshale unaenda nyumba ya tatu.

4. Pima, alafu ongeza. Sasa toa mshale, pima kutoka shimo la noki, pale ndani kabisa kamba inapokaa, mpaka kwenye alama. Hicho ndicho kipimo chako cha msingi, na kama upinde umefungwa 28 usishangae kikitoka karibu na 28. Ongeza inchi 1. Kwa anayeanza mimi nasema inchi 1 na sishuki hapo. Yaani ukipata 28, mshale wako wa kwanza ni 29.

Utakutana na watu dukani watakaokuambia wao wanakata mfupi zaidi, uti unaishia inchi moja tu mbele ya resti na kigumba kinakaa juu ya mpini. Wako sahihi, kwa upinde wa makapi inawezekana na mshale unakuwa mwepesi na mgumu zaidi. Lakini hao wanajua resti yao inaanguka wapi na kigumba kinapita umbali gani kutoka kidoleni. Wewe bado. Kigumba kikiwa nyuma ya ukingo wa mpini, na kidole cha shahada umekinyoosha juu kidogo kwa woga au baridi, makali yanapita hapo hapo. Mshale mrefu kwa nusu inchi hautakukosesha kulungu, ila mfupi unaweza kukuachia alama ya maisha.

Kwa upinde wa kawaida unaovutwa kwa vidole, ule wa mti au wa kupinda ncha, ongeza zaidi, inchi 1 na nusu mpaka 2, kwa sababu hauna kituo na siku ukipandwa na mori mbele ya dume utavuta kupita ulivyozoea.

Na huu ndio mkanganyo ninaoulizwa kuliko yote: urefu wa mshale unapimwa kutoka shimo la noki mpaka mwisho wa UTI. Ncha haihesabiwi, wala ile shingo ya inseti (kile kichuma kinachogundishwa ndani ya uti kushika ncha) inayotokeza. Ukimwambia fundi "nikatie 28" na wewe ulihesabu na ncha, uti utatoka mrefu kuliko ulivyotaka.

5. Chagua ugumu wa uti. Urefu peke yake hautoshi. Mshale ukiachiwa unajipinda kama samaki kabla haujanyooka, na ukilegea mno au ukiwa mgumu mno hautaruka sawa. Kwenye mishale ya kaboni utaona namba kama 500, 400, 340, 300. Hiyo ni jinsi uti unavyobonyea katikati ukiwekewa uzito wa pauni 1.94 huku umeegemea sehemu mbili zilizoachana inchi 28, kwa elfu za inchi. Kwa hiyo 340 umebonyea inchi 0.340. Namba NDOGO ndio mgumu, watu wanalikosea hili kila mwaka.

Tafuta jedwali la kampuni iliyotengeneza mshale, kila kampuni inatoa bure. Utaingia na vitu vitatu: pauni za upinde wako (nguvu ya kuuvuta), urefu uliopata hatua ya 4, na uzito wa ncha, ambao wengi wanatumia greini 100 au 125 (greini ni kipimo kidogo cha uzito). Kwa pauni 60 na mshale wa inchi 28 au 29 wenye ncha ya 100, majedwali mengi yatakutupa kwenye 400 au 340. Ukiwa katikati ya namba mbili na unawinda, chukua mgumu, kigumba kinasamehe zaidi huko.

Kumbuka pia kwamba vitu hivi vinavutana. Ukiukata mshale unakuwa mgumu zaidi, ukiuacha mrefu unalegea, ukiweka ncha nzito unalegea. Ndio maana mshale wa jirani hata ukikutosha urefu bado unaweza usikufae.

6. Angalia uzito, haraka tu. Kwenye boksi kuna uzito wa uti kwa kila inchi. Tuseme ni greini 8.5. Zidisha kwa 29 unapata kama 246, ongeza ncha 100, inseti 20, mabawa matatu ya mkiani kama 18, noki 10, jumla kama 394. Gawa kwa pauni zako, kwa upinde wa 60 ni kama 6.6 kwa kila pauni, safi kwa kulungu. Usishuke chini ya 5 kwa pauni, mshale mwepesi kiasi hicho unautesa upinde karibu kama kuachia kamba tupu. Mimi mwenyewe napenda uzito zaidi kuliko mbio, ila huo ubishi tutauacha siku nyingine.

7. Kata MMOJA kwanza. Si dazeni. Mmoja. Duka nyingi wakikuuzia mishale wanakukatia palepale kwa hela kidogo au bure, na kwa anayeanza hiyo ndiyo njia. Ukikata mwenyewe tumia msumeno wa kasi wenye kisahani cha kusaga, ukizungusha uti taratibu ili mkato utoke sawa pande zote. Msumeno wa chuma wa mkono au kile kikatio cha mabomba ya maji vinapasua nyuzi za kaboni, utaona mshale mzima kumbe una ufa. Vaa barakoa na miwani, vumbi la kaboni si la kuvuta, na lisikukute jikoni kwa mama watoto. Kama mabawa yameshabandikwa kata upande wa mbele.

Ukimaliza piga msasa mdomo wa uti uwe bapa, safisha ndani kwa pamba yenye spiriti, acha ukauke, ndipo utie inseti kwa gundi ya epoksi. Wengine wanatumia gundi ya moto, ni sawa kama ni ile ya joto la chini, ila moto wenyewe usiguse kaboni.

8. Funga kigumba kweli kweli na ujaribu. Kabla ya kumpigia fundi "kata zilizobaki", funga kigumba chenyewe, siyo ncha ya mazoezi. Elekea shabaha, vuta taratibu, mwenzako akiwa kando atazame: makali yamekaa mbele ya mpini? Yana nafasi kutoka kidoleni? Rudisha taratibu. Hapo ndipo upige mshale huo mara chache kwa mazoezi, na ukitulia ndio ukate mingine yote kwa kipimo hicho hicho.

Kisa changu, ili usikirudie

Mwaka wangu wa kwanza nilinunua dazeni kutoka kwa jamaa tuliyekuwa tunafanya naye kazi usiku. Mishale mizuri, karibu mipya, bei ya kutupa. Yeye mfupi, mvuto wake 26, alikuwa amekata 26 na nusu. Mimi navuta 29. Nikaenda uwanjani nikavuta, na nilipofika mwisho mshale ukateleza nyuma ya resti ukaanguka juu ya mkono wangu, kaboni tupu ikiwa imeegemea ngumi na kamba imebeba pauni 60. Kama ningeachia pale ungepasukia mkononi. Nilisimama nikitetemeka sijui nifanye nini, mzee mmoja aliyekuwa mstari wa pili akaniambia kwa sauti ya chini, "usiachie, rudi polepole, polepole." Nikarudi. Mishale ile nilimpa binti ya dada yangu anayevuta 25 kwa upinde mwepesi, akaitumia kwa shabaha, na hata hapo tulikagua ugumu kwanza.

Babu yangu kule Kitui hakuwa na jedwali. Alikuwa anaweka nyuma ya mshale kifuani, ananyoosha mikono yote mbele, ncha ikivuka vidole basi unafaa. Ni njia nzuri kwa upinde wa mti na mshale uliochonga mwenyewe. Na ukienda kwa Wahadzabe kule Ziwa Eyasi utaona mishale mirefu kuliko hii yetu, kila mwanamume ananyoosha ya kwake kwa moto na meno. Usichukue urefu ule ukauweka kwenye upinde wa makapi, ni vitu viwili tofauti.

Ukikwama

*Mshale unadondoka nyuma ya resti ukivuta.* Ni mfupi. Usijaribu "kuvuta kidogo kidogo", acha kuutumia kabisa kwenye upinde huo.

*Nimekata mfupi kwa nusu inchi.* Ukiwa bado mbele ya resti kwa inchi 1 au zaidi na kigumba kiko mbali na kidole, utatumika, ila rudi kwenye jedwali uone ugumu. Ukiwa chini ya hapo mpe mwenye mvuto mfupi. Kukata zaidi kunawezekana siku zote, kuongeza hakuna.

*Ncha ya mazoezi inapiga katikati, kigumba kinaenda pembeni.* Kwanza zungusha mshale juu ya meza uone kama kigumba kinayumba, kikiyumba inseti imekaa upande. Kama kiko sawa basi upinde haujasawazishwa au mshale umelegea. Jaribu ncha nyepesi zaidi, au kama uliacha mrefu sana punguza robo inchi kwa mshale mmoja uone.

*Nimepiga mshale kupitia karatasi kuona kama unaruka sawa, na mkia unapasua upande.* Anayetumia mkono wa kulia na rilisi, mkia ukipasua kushoto mara nyingi mshale umelegea au mabawa yanagusa mahali. Anayevuta kwa vidole ni kinyume, kushoto ni mgumu mno na kulia umelegea. Wa mkono wa kushoto mgeuze yote. Ila kabla ya kulaumu mshale angalia unavyoshika mpini, nusu ya matatizo niliyoletewa yalikuwa ngumi imekazwa kama anashika usukani wa lori.

*Mabawa yanachubuka.* Yanagusa resti au waya. Geuza noki kidogo kidogo mpaka yapite. Urefu hauhusiki hapo.

*Mshale umegonga jiwe, naona ni mzima.* Ukunje kwa mikono pande zote ukiwa karibu na sikio, ukisikia unapasuka au ukiona unywele wa ufa, vunja utupe. Hata usipogonga kitu, kunja kila mshale kabla ya kuupiga. Na ukivunjikia ndani ya kulungu, kata nyama ya pale palipovunjikia utupe, nyuzi za kaboni hazionekani kwenye mchuzi.

*Mimi nina upinde wa msalaba, ule wa kufyatua kama bunduki.* Haya yote hayakuhusu. Urefu wa mshale wake na aina ya noki imeandikwa na kiwanda kwenye kitabu chake, nunua huo huo, usiweke mfupi zaidi hata kama fundi anakuambia sawa tu.

Ukishapata kipimo chako kiandike kwa wino ndani ya kasha la upinde: mvuto, urefu wa uti, namba ya ugumu, greini za ncha. Maana mwakani Agosti utakuwa umesahau na utanipigia mimi.